Mawe kila wiki mbili? Namna ya kuwasha taa za kabati bila betri

Mteja wetu mmoja wa Diani alikuja kwa wakala wetu pale Ukunda akiwa na kesi. Simu yake, alisema, inamwibia. Kila mwisho wa mwezi anapiga hesabu ya mapato ya nyumba zake mbili za wageni, na kila mwezi kuna elfu moja na ushei haijulikani ilikokwenda. Alitaka tuangalie kama kuna mtu ameingia kwenye akaunti yake.

Tukamsaidia kutoa taarifa ya akaunti ya miezi mitatu, tukakaa naye kivulini tukaisoma mstari kwa mstari. Hakukuwa na mwizi. Kulikuwa na malipo madogo madogo kwa Till ya duka moja la vifaa: 270, tena 360, tena 180, baada ya siku chache 270 nyingine. Alipoyaona akacheka mwenyewe. "Haya ni mawe," akasema. "Mawe ya zile taa za jikoni."

Taa zenyewe unazijua. Ni vile vijiti vya LED vinavyobandikwa ndani ya kabati au chini yake, ukifungua mlango au ukipitisha mkono zinawaka zenyewe, ukiondoka zinazima baada ya sekunde ishirini hivi. Kuanzia Tiwi hadi Msambweni mafundi seremala siku hizi wanazitia karibu kila jiko jipya, na ukweli ni kwamba zinapendeza. Mgeni aliyetoka safari ndefu akiamka usiku kutafuta glasi ya maji hahitaji kupapasa ukuta. Hata nyumbani kwetu, mama anayeamka saa kumi alfajiri kukanda unga wa mahamri hana haja ya kuwasha taa kubwa na kuamsha watoto.

Shida yake ni moja: zinakula mawe. Na kwa kuwa kila ununuzi ni mdogo, hauumi, basi huuoni. Ndiyo maana tumeamua kuandika hili. Sisi si mafundi wa stima, ila tumewauliza mafundi, na upande wa pesa tunaujua vizuri.

Kwanza, kwa nini zinamaliza mawe haraka?

Ndani ya taa kuna vitu viwili vinavyotumia nguvu. Cha kwanza ni kihisi, kile kijicho cheupe mfano wa nusu ya yai dogo, ambacho mafundi huita sensa. Hiki hakitoi chochote. Kinakaa kikingojea joto la mwili lipite mbele yake. Kinakula kidogo mno, chini hata ya sehemu moja ya kumi ya miliampia. Si yeye mlaji.

Mlaji ni taa yenyewe. Chukua taa ya kawaida ya wati moja na nusu inayotumia mawe matatu ya AAA. Mawe matatu ni volti nne na nusu, kwa hiyo ikiwaka inavuta kama miliampia 300. Jiwe zuri la AAA, lile la alkali, tuseme linabeba miliampia-saa 900 kwa mvuto kama huo. Gawanya: unapata saa tatu za kuwaka, basi. Saa tatu zinaonekana nyingi hadi ukumbuke kwamba kabati la jikoni lililo katika nyumba yenye watu linafunguliwa mara thelathini kwa siku bila mtu kugundua. Mara thelathini kwa sekunde ishirini ni dakika kumi. Saa tatu ni dakika 180. Baada ya siku kumi na nane, giza.

Na hayo ni mawe mazuri. Yale ya bei rahisi yasiyo ya alkali hayafiki hata nusu yake.

Sasa tia bei. Tukichukua shilingi 30 kwa jiwe moja (weka bei ya duka lako hapo), taa moja inakula shilingi 90 kila siku kumi na nane, yaani mara ishirini kwa mwaka, shilingi 1,800. Mteja wetu ana taa saba katika majiko mawili. Hiyo ni shilingi 12,600 kwa mwaka kama nyumba zina watu mwaka mzima. Nyumba za wageni za Diani hazijai mwaka mzima, Mei na Juni kila mtu anajua zilivyo, kwa hiyo kata nusu ukipenda. Bado ni zaidi ya shilingi 6,000 kwa kuangaza vikombe.

Halafu kuna suala la pwani. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, hasa wakati wa masika, na jiwe lililoisha likisahaulika ndani ya taa hutoa ule unga mweupe unaokula vyuma. Ukiukuta, usiuguse kwa mkono mtupu. Toa mawe, chukua kijiti chenye pamba, tia matone ya siki au ndimu, sugua vile vyuma, acha vikauke kabisa. Mara nyingi taa inafufuka. Ikikataa, vyuma vimeshaliwa.

Kabla hujanunua kitu, fungua taa uone ni ya aina gani

Hapa ndipo wengi wanapokosea, wananunua waya kabla ya kujua wana nini.

Kuna taa zenye tundu la USB pembeni. Hizi zina betri ya kuchaji ndani yake, na nyingi zinaweza kuachwa zimechomekwa zikaendelea kufanya kazi. Nyingi, si zote. Kuna ambazo zikichomekwa zinawasha tu kitaa chekundu cha kuchaji na kukataa kuhisi. Ijaribu siku moja kabla hujatoboa kabati. Na hata zile zinazokubali, betri ya lithiamu kukaa imejaa muda wote kwenye kabati lenye joto haiishi muda mrefu. Ukiona taa imevimba mgongo au imeanza kujibinua, itoe siku hiyo hiyo.

Kuna za mawe ya AAA, matatu au manne. Hizi ndizo rahisi zaidi kubadilisha, tutazirudia.

Na kuna zile ndogo za duara zinazotumia betri bapa mfano wa kitufe cha shati. Hizi tunakuomba, kama nyumbani kuna mtoto mdogo, uziondoe mahali anapofika, iwe una mpango wa waya au huna. Betri ya kitufe ikimezwa na kukwama kooni inaanza kuunguza nyama ya ndani katika muda wa saa mbili tu, na mtoto anaweza asionyeshe dalili yoyote zaidi ya kukataa chakula au kutoa mate mengi. Ukishuku mtoto amemeza, usimtapishe, usingoje kuona kama itatoka yenyewe. Mpeleke hospitali mara moja, kwa watu wa Kusini Pwani ile ya rufaa ya Msambweni, ukawaambie wazi "amemeza betri" ili apigwe picha haraka. Kama una pakiti yake, nenda nayo.

Njia ya kwanza: chaja ya simu

Taa ya mawe matatu inataka volti nne na nusu. Chaja ya simu inatoa volti tano. Mawe matatu mapya kabisa yenyewe yanakaribia volti nne nukta nane, kwa hiyo tofauti ni ndogo sana na taa nyingi zinaivumilia. Fundi mwangalifu ataongeza diodi moja kwenye waya wa chanya, kitu cha shilingi chache, inayopunguza kama volti 0.7 na kuipa taa maisha marefu. Taa ya mawe manne inataka volti sita. Ukiipa tano itawaka kwa mwanga uliopungua kidogo, na ndani ya kabati hutaona tofauti.

Kazi yenyewe ni hii. Unanunua kebo ya USB, unakata ile ncha ya upande wa simu, unabaki na waya mwekundu na mweusi (kama kuna wa kijani na mweupe, hizo ni za data, zifunge kwa tepu zisigusane). Mwekundu unaenda kwenye chuma cha chanya pale mawe yanapoanzia, mweusi kwenye hasi yanapoishia. Usiamini rangi peke yake, kwa sababu kebo za bei rahisi hazifuati kanuni. Pima kwa mita. Mafundi wengine huchonga kipande cha kijiti cha mbao ukubwa wa jiwe, wanatia skrubu pande mbili na kuunganisha waya hapo, kisha wanakilaza kwenye nafasi ya jiwe. Hakuna kuchomelea, na siku ukitaka kurudi kwenye mawe unakitoa tu.

Jambo moja lisilo na mjadala: ukishaunganisha waya, mawe yote yatoke. Jiwe la kawaida halikuumbwa kuchajiwa. Ukiliacha humo huku chaja inasukuma nguvu, litavuja au kupasuka.

Chaja moja inatosha taa ngapi? Taa nne za miliampia 300 ni ampia moja nukta mbili zote zikiwaka pamoja, jambo ambalo halitokei mara nyingi. Chaja ya ampia mbili inazibeba bila kutoka jasho. Usivute waya mwembamba mrefu lakini. Zaidi ya mita tatu hivi za kebo nyembamba, volti zinapotea njiani na taa ya mwisho itakuwa inapepesa kama koroboi kwenye upepo. Kama jiko ni kubwa, tumia waya mnene kidogo.

Na umeme wake? Chaja nzuri ikikaa tu bila kazi inakula kama sehemu moja ya kumi ya wati. Kwa mwaka mzima hiyo haifiki yuniti moja. Taa zenyewe, kwa zile dakika kumi za kila siku, haziongezi hata yuniti moja kwa zote saba. Kwa majiko mawili ya mteja wetu tulipata yuniti mbili na nusu kwa mwaka. Piga yuniti kwa shilingi 30: shilingi 75. Mwaka mzima. Alituomba turudie hesabu.

Wengine wametuuliza kama taa hizi zinaweza kuwatoa kwenye kundi la chini la bei ya Kenya Power, lile la wanaotumia hadi yuniti 30 kwa mwezi. Kundi lako linaangaliwa kwa wastani wa miezi mitatu. Yuniti mbili na nusu zilizotawanywa kwa miezi kumi na miwili hazimtoi mtu popote. Kinachowatoa watu ni friji, pasi na kile cha kuchemshia maji ya kuoga.

Chaja ipi, na iwekwe wapi

Hapa usibane senti. Chaja mbovu ndani ya kabati la mbao iliyobanwa, karibu na leso za kufutia vyombo na mtungi wa gesi, ni jambo la kuogopa kuliko giza. Ishike mkononi baada ya saa moja ya kazi. Ikiwa ya uvuguvugu sawa, ikiwa huwezi kuishika, irudishe. Tafuta alama ya ubora ya KEBS, na usiishie kuitazama tu kwa sababu stika huchapishwa na yeyote: tuma ujumbe wenye herufi SM, alama ya reli (#), kisha namba iliyo chini ya alama, kwenda 20023. Utajibiwa jina la kampuni na bidhaa iliyoidhinishwa. Kama jibu linasema bidhaa ni sabuni na wewe umeshika chaja, umepata jibu lako.

Chaja yenyewe ikae nje ya kabati, kwenye soketi inayoonekana, mbali na sinki. Kinachoingia kabatini ni ule waya wa volti tano tu. Toboa tundu dogo nyuma, upande wa bawaba, ulainishe kingo ili waya usikatwe na mlango. Kama hakuna soketi karibu, usimwache mtu achukue waya wa stima ya nyumba na kuuunganisha ndani ya kabati kwa tepu. Kazi ya kuongeza soketi ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA. Mwombe leseni aonyeshe. Anayeijua kazi yake hakasiriki.

Kuhusu pawabenki, tunajua mmeshafikiria. Nyingi hazifai. Pawabenki imetengenezwa ione kama kuna simu inachajiwa, na ikiona nguvu inayovutwa ni ndogo mno inajizima baada ya nusu dakika hivi. Kihisi kinachongojea kinavuta kidogo mno kiasi cha pawabenki kudhani hakuna mtu. Utapitisha mkono, na taa haitawaka. Kuna chache zenye hali ya vifaa vidogo, ukiipata sawa, vinginevyo okoa pesa yako.

Na kama taa haiwaki mchana, usikimbilie kumlaumu fundi

Hili ni la kwetu sisi wa pwani hasa. Kihisi kinafanya kazi kwa kuona tofauti kati ya joto la mwili wako na joto la ukuta ulio nyuma yako. Februari, wakati wa kaskazi, jiko lenye mabati na jiko la gesi limewashwa, ndani ni nyuzi 34 au 35. Ngozi ya mkono wako ni karibu hapo hapo. Kwa kihisi, wewe na ukuta mmekuwa kitu kimoja. Usiku ukiingia na upepo kidogo, kinaanza kukuona tena. Si ubovu.

Pia hakioni kupitia kioo. Wenye makabati ya milango ya vioo hubandika taa ndani wakashangaa kwa nini haiwaki wakipita. Ni mpaka mlango ufunguke. Kwa kabati la namna hiyo ni afadhali swichi ya sumaku ya mlangoni. Mjusi wa ukutani hatawasha taa yako, maana mwili wake una joto la ukuta. Paka atawasha, tena usiku kucha.

Kama huna stima, au stima yenyewe ni ya kubahatisha

Ukitoka Diani ukapanda kuelekea Kinango, au ukapita Msambweni kuelekea Lunga Lunga, hadithi inabadilika. Tangu mpango wa Last Mile ulipoanza mwaka 2015 na ada ya kuunganishwa ikateremshwa hadi shilingi 15,000, nyumba nyingi zimepata nguzo. Nyingi bado. Na hata walio na nguzo wanajua kipindi cha mvua na upepo stima hupotea jioni, wakati ule ule unaohitaji mwanga.

Kwa hawa, jibu limekuwa sola ya kulipia kidogo kidogo, na Kenya ina haki ya kujivunia hapa. M-Pesa ilianza Machi 2007. Miaka mitano baadaye, 2012, M-KOPA ikaanza kuuza mitambo midogo ya sola ambayo mteja anailipia kwa simu kila siku. Siri yake ni laini ya simu iliyofichwa ndani ya kisanduku cha betri. Ukilipa, kisanduku kinapata ujumbe na kubaki wazi. Siku zikiisha bila malipo kinajifunga. Baadaye makampuni mengine, d.light na Sun King kati yao, yakafuata njia hiyo ya malipo kidogo kidogo. Bila pesa ya simu biashara hii isingewezekana, kwa sababu hakuna mtu angetembea kila siku kukusanya shilingi hamsini kutoka Mwereni na Kikoneni.

Mitambo hii karibu yote ina tundu la USB la kuchajia simu. Tundu hilo ni volti tano, sawa na chaja. Taa ya kabati iliyounganishwa kama tulivyoeleza inachomekwa hapo moja kwa moja. Dakika kumi za wati moja na nusu hazipunguzi betri ya sola kiasi cha kuonekana. Ila yapo mawili ya kuangalia. Baadhi ya visanduku hivi huzima tundu la USB usiku au betri ikipungua, kwa hiyo ujaribu kwanza kabla ya kuvuta waya. Na kama bado unalipia, kisanduku si chako kamili. Usikifungue wala usikate waya wake, maana dhamana itakufa na deni litabaki hai.

Kabla ya kusaini, fanya hesabu ambayo muuzaji hataifanya mbele yako. Amana, tuseme, shilingi 3,000. Halafu shilingi 50 kwa siku kwa mwaka mmoja, ambayo ni shilingi 18,250. Jumla 21,250. Uliza: nikilipa taslimu leo ni bei gani? Tofauti ya hizo mbili ndiyo bei ya kukopa. Wakati mwingine inafaa kabisa, kwa sababu 21,000 huna na 50 unayo, na mafuta ya taa na mawe yangekula hizo 50 vilevile. Wakati mwingine haifai. La muhimu ni kuijua. Uliza pia siku ambazo hukulipa zinahesabiwaje, na kama mvuvi anayekosa siku za kusi bahari ikichafuka anaweza kulipa kwa wiki au kwa mwezi bahari ikitulia.

Pesa yenyewe: unapolipa

Vifaa hivi vingi vinauzwa kwenye makundi ya simu na mitandao, na hapo ndipo tunapopokea vilio. Picha nzuri, bei nzuri, "tuma amana kwanza, mzigo uko Likoni unavuka na feri." Ukishatuma, namba haipatikani. Kanuni yetu ni ya kizamani lakini inafanya kazi: kwa mtu usiyemjua, lipa ukiwa umeshika kitu. Akikataa, mwache na bei yake.

Lipa kwa Till ya biashara badala ya kutuma kwa namba ya mtu binafsi. Kwa kawaida mteja hakatwi ada kulipa Till, na kabla ya kutia PIN, soma jina linalotokea. Kama duka linaitwa hivi na jina linasema vile, simama uulize. Ukikosea namba, usimpigie uliyemtumia kwa hasira, akiona simu yako anaweza kutoa pesa kabla ya wewe kukata. Wasiliana na huduma kwa wateja mara moja uombe malipo yarudishwe; kadiri unavyowahi, ndivyo pesa inavyokutwa bado ipo. Sisi hatutakuomba PIN hata tukiwa tunakusaidia. Anayeiomba si sisi.

Wenye nyumba za kupangisha, tokeni zina mtego wao. Unaponunua kupitia Paybill 888880, namba ya akaunti ni namba ya mita, na wenye mita mbili au tatu huzichanganya. Mmoja wetu hapa ofisini aliwahi kununua tokeni za shilingi 2,000 Jumamosi jioni kwa mita ya nyumba aliyohama mwaka uliotangulia. Mpangaji mpya alifurahi sana. Andika kila namba ya mita kwenye karatasi, ibandike ndani ya mlango wa kabati la jikoni, pale pale penye taa, kisha uihifadhi kwenye simu kwa jina la nyumba. Ujumbe wa tokeni usiufute hadi uone yuniti zimeingia. Ukiupoteza, piga *977# utafute tokeni za mwisho.

Mteja wetu wa Diani alifanya kazi yake kwa Jumapili mbili na fundi wa Ukunda. Chaja mbili, kebo saba, diodi saba, na siku mbili za fundi. Yote aliyalipa kwa simu, kila kitu kwa Till yake, ili mwisho wa mwezi aone kilichoenda wapi. Alituambia gharama yote haikufika alichokuwa akitumia kwa mawe kwa mwaka. Taa moja aliiacha na mawe yake, ile ya kwenye ngazi ya nje, kwa sababu stima ikipotea usiku na mgeni yuko juu, hiyo ndiyo lazima iwake. Mawe yake anayabadilisha kila tarehe moja, yaishe yasiishe, na yale yaliyotoka bado na nguvu anampa mtoto wake kwa ajili ya tochi.

Wiki iliyopita alipita tena kwa wakala, safari hii kutuma karo. Kesi ya wizi hakuitaja.